Naomba ushauri: ratiba ya kutuma na kujibu kwenye redio inapewa hataza au ni "programu tu"?

Fundi_Ntinda

Habari zenu wadau. Mimi ni msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo imebidi niandike. Ni fundi wa elektroniki, naishi Ntinda, na kazi inayoniweka mjini ni sensa za joto kwenye matangi ya kupoza maziwa kule Kiruhura. Maziwa yakikaa juu ya nyuzi 4 muda mrefu mnunuzi anayakataa, mfugaji anarudi nyumbani na hasara, so kila tangi nimelifungia sensa inayotuma joto kwa LoRa, redio ya masafa marefu inayokula umeme kidogo, mpaka kwenye getiwei moja, yaani kituo cha kupokea, iliyo juu ya kilima. Sensa ziko 38.

Shida ilianza tulipopita sensa 20 hivi. Kila sensa ikituma inasubiri ACK, yaani getiwei ijibu "nimepata". Isipojibiwa inarudia. Sasa getiwei yangu ikiwa inajibu haisikii, masikio yanaziba kabisa, wakati inamjibu huyu wawili wengine wanaongea na kiziwi, nao wasipojibiwa wanarudia, getiwei inazidi kujibu, inazidi kuwa kiziwi, mpaka betri nilizowaahidi watu zitakaa miaka miwili zikafa kwa miezi mitano. Kila wiki nilikuwa kwenye basi la Mbarara na begi la betri, mke wangu akaanza kuuliza kama nimeoa huko.

Nikakaa chini nikabadilisha. Kila sensa ina zamu yake, na getiwei haijibu mmoja mmoja, inangoja zamu ziishe halafu inatoa jibu moja kwa wote, biti moja kwa kila sensa, 1 nimekupata, 0 sijakupata. Juu ya hapo kuna kipande kimoja nimekiongeza na ndicho kilichofanya mambo yatulie, lakini hicho sikitaji hapa.

Nilienda ofisi moja kuuliza habari za hataza, yaani pateni, haki ya kumiliki uvumbuzi wangu, kijana wa mapokezi hata hakuangalia karatasi zangu, akasema hiyo ni programu, programu haina pateni, nenda kwenye hakimiliki. Rafiki yangu naye anasema kampuni za simu zina hataza maelfu za vitu kama hivi hivi. Nani ananidanganya? Halafu mwezi wa nne niliuonyesha mfumo kwenye siku ya maonyesho ya chuo kimoja, sijui kama nimeshajiharibia.

Boda_Msomi

Banange, yaani unataka hataza ya "nimekusikia, ova"? Polisi wetu wanaongea hivyo redioni kwa Kiswahili tangu sijazaliwa, utawadai wote?

Mhandisi_wa_Jinja

Boda umecheka lakini umegusa penyewe. Fundi, nimefanya kazi kwenye mitandao ya simu miaka mingi kwa hiyo nikwambie kwanza habari mbaya. Kujibu wengi kwa ujumbe mmoja wa biti ni kitu cha zamani. Waifai wana jibu la mkupuo tangu kiwango cha 802.11e cha 2005, unatuma paketi nyingi halafu jibu moja lenye ramani ya biti linasema ipi imefika ipi haijafika. Na zamu za muda ndo usiseme, kule Hawaii mwaka 1971 walianza na ALOHA ambapo kila mtu anaropoka anapotaka, uwezo wa njia ukaishia kama asilimia 18, walipogawa muda kwa sloti, yaani vipande vya muda, ukapanda mara mbili mpaka kama 37. Hicho ndicho ulichokigundua kwenye basi la Mbarara, pole sana.

Habari nzuri ni kwamba rafiki yako hajakudanganya. Kwenye 4G ya FDD, ile inayotuma na kupokea kwa masafa mawili tofauti, simu ikipokea data inajibu ACK au NACK ("sijapata") milisekunde 4 baadaye, kila mara, haijadiliwi. Kwenye 5G muda huo haukufungwa, kituo kinamwambia simu "jibu baada ya sloti kadhaa". Sasa fikiria simu imetumiwa mizigo mitatu, tangazo la mzigo wa pili likapotea hewani kabisa. Simu haijui hata kama ilitumiwa, so itajibu biti mbili badala ya tatu na kituo kitasoma jibu la mzigo wa tatu kama la pili. Dawa yake ni kuweka namba ndogo ya kuhesabu kwenye kila tangazo, ukiona moja halafu tatu unajua mbili imekupita, unaweka NACK mahali pake. Kitu kidogo namna hiyo! Na vitu vidogo namna hiyo, nani ajibu lini, kwa biti ngapi, kwenye sloti gani, ndivyo vimejaa kwenye hataza ambazo kampuni zinazitangaza kule ETSI, shirika la viwango vya mawasiliano la Ulaya, kwamba ni za lazima kwa 4G na 5G na zinaahidi kuzikodisha kwa bei ya haki.

Swali langu kwako, wale waliopata 0 wanafanya nini? Wakirudia wote kwa pamoja si unarudi Hawaii 1971?

Fundi_Ntinda

Mwalimu hapo umeweka kidole kwenye kidonda, kipande changu kiko hapo hapo. Nikueleze?

Wakili_Nyabo

HAPANA usieleze! Jamani. Fundi ukiandika hapa umeshautangazia ulimwengu, huu uzi unasomwa na yeyote mwenye simu. Mhandisi nawe ssebo acha kumchokonoa.

Haya, mimi ni wakili, nafanya mambo ya mali bunifu hapa Kampala, nitajibu kwa ujumla tu. Yule kijana wa mapokezi amekariri nusu ya sentensi. Mkataba wa hataza wa Ulaya, ibara ya 52, unakataa programu za kompyuta "zikiwa hivyo tu", na hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayolisha mawakili. Kinachoulizwa ni kama kuna tatizo la kiufundi na limetatuliwa kwa njia ya kiufundi. Getiwei kuwa kiziwi ni tatizo la kiufundi. Betri kufa ni tatizo la kiufundi. Mfugaji kulipwa bei ndogo siyo, kwa hiyo hadithi ya maziwa ni tamu lakini kwenye ombi isiwe ndiyo nguzo.

Kuna uamuzi mmoja wa bodi ya rufaa ya Ulaya, wa 2002, T 641/00, watu wanauita Comvik. Ulihusu simu za GSM, laini moja yenye vitambulisho viwili ili gharama za simu za kazi na za binafsi zitenganishwe. Bodi ikasema kwenye hatua ya uvumbuzi, ule mtihani wa kama jambo lako si la wazi kwa fundi mwenzako, hesabu yale ya kiufundi tu, lile wazo la kugawa gharama linawekwa upande kama sharti alilopewa fundi, halikupi maksi. Kwa hiyo ukiandika "ratiba yangu inawapa kipaumbele wateja wanaolipa vizuri" umejimaliza, ukiandika "ratiba yangu inapunguza muda ambao kipokezi kimeziba" unasikilizwa.

Na usiombe hataza ya ule ujumbe wenyewe unaoruka hewani. Marekani kesi ya Nuijten, 2007, mahakama ilikataa dai (sentensi ya ombi inayosema unataka kumiliki nini) la mawimbi yenyewe, mawimbi yanayopita si mashine wala si kitu kilichotengenezwa. Njia ya kuyatengeneza ni jambo jingine, na hiyo kwa Nuijten ilikuwa imeshakubaliwa.

Mzee_wa_Bombo

Wanangu mimi nilikuwa mtu wa signo, mawasiliano ya redio, jeshini, naomba nichangie. Jambo hili halikuanza leo. Samuel Morse wa telegrafu alipata hataza yake, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani 1854, madai yake mengi yakapita lakini la nane likakataliwa kwa sababu alitaka kumiliki matumizi yoyote ya nguvu ya umeme kuandika herufi kwa mbali, hata kwa mashine ambazo bado hazijabuniwa. Alitaka mto mzima wakati yeye amechimba mfereji mmoja. Kijana, omba mfereji wako.

Nalule_Codes

Mimi naona mnamtisha bure, kwa nini asiende kwenye modeli ya matumizi, ile kama hataza ndogo? Ni rahisi, haina ule mtihani mgumu, miaka 10 inatosha, LoRa yenyewe kufika huko itakuwa imezeeka.

Wakili_Nyabo

Dada Nalule ni wazo zuri lakini angalia maana yake. Kwa ARIPO, shirika la mali bunifu la nchi kadhaa za Afrika, modeli ya matumizi ni umbo au mpangilio wa sehemu za kifaa, chombo, saketi, yaani kitu unachoweza kukishika. Njia, hatua ya kwanza ya pili ya tatu, haikai vizuri humo. Ingebidi adai sensa yenyewe kama kifaa, na hapo tunaanza kulazimisha.

Kwenye hataza ana milango mitatu. URSB, ofisi ya usajili hapa nyumbani Uganda, chini ya sheria ya mali ya viwanda ya 2014, ARIPO ya Harare ambayo wanachunguza wenyewe halafu nchi uliyoitaja ina miezi sita ya kukataa, au PCT, mkataba wa ombi moja la kimataifa, kama ana ndoto za mbali. Ukiweka ombi la kwanza popote una miezi 12 ya kulifuata kwingine ukiwa na tarehe ile ile. Ikikubaliwa ni miaka 20, na ada ya kila mwaka, hiyo watu husahau mpaka hataza inakufa.

Mhandisi_wa_Jinja

Naongeza moja kabla sijalala. Fundi usiruhusu mtu akuandikie dai linalosema "sensa inatuma, kisha getiwei inahesabu, kisha sensa inajibu". Kesho mtu mmoja atauza sensa tu na mwingine getiwei tu, utamshtaki nani? Kampuni za Akamai na Limelight zilibishana hadi Mahakama Kuu ya Marekani 2014 kwa sababu ya hilo, hatua moja ya njia ilikuwa inafanywa na wateja wa Limelight siyo Limelight yenyewe. Andika dai moja kwa macho ya sensa peke yake, inapokea nini inafanya nini, na lingine kwa macho ya getiwei.

Na kabla ya kulipa hata shilingi, ingia Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni, ni bure. Tafuta kwenye kundi la H04L 1/16 na 1/18, huko ndiko wanakoweka mambo ya kujibu na kurudia, na H04W 72 ni ya kugawa zamu. Ramani za biti zina kijikundi chake kabisa, ujue tu uko sokoni Owino saa kumi jioni.

Fundi_Ntinda

Nimeingia tangu asubuhi, macho yamevimba. Za ramani ya biti ni nyingi mno hilo nimekubali, hicho nakiacha. Kipande changu bado sijakiona lakini nimesoma kama 60 tu.

Na yale maonyesho je?

Wakili_Nyabo

Ulionyesha nini hasa? Na zile sensa 38 zilizouzwa zina hicho kipande ndani? Nauliza kwa sababu kwa Ulaya ulichokitangaza mwenyewe jana kinakuhukumu leo, hawana huruma, Marekani wanakupa mwaka mmoja. Na kuuza nako ni kutangaza kama mtu anaweza kukifungua kifaa akaona kinafanyaje kazi, au hata kukaa kando ya kilima na redio yake asikilize.

Fundi_Ntinda

Kwenye maonyesho slaidi zilikuwa na zamu na ramani ya biti tu, nimezirudia zote. Sensa za Kiruhura zina programu ya zamani, hiyo ya ramani. Kipande kipya kiko kwenye sensa tatu tu, ziko hapa dirishani kwangu, hata mke wangu anadhani ni chaja. Jumamosi nilialikwa kuuonyesha kwenye kikundi kimoja cha mafundi, nimewapigia sasa hivi nimewaambia nakuja na ule wa zamani.

Wakili_Nyabo

Kale. Zibaki hapo dirishani. Wiki hii andika kila kitu kwenye daftari na tarehe, michoro, vipimo vya betri kabla na baada, njoo navyo kwa wakili yeyote unayemwamini.

Boda_Msomi

Samahani kuingilia wakubwa. Fundi hiyo picha yako ya wasifu, nyuma yako kuna ubao mweupe umeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nimeizum. Naona sensa ya tatu ina sifuri halafu mshale unaenda

Wakili_Nyabo

Boda usimalizie hiyo sentensi!!

Fundi_Ntinda

Mungu wangu. Nimeitoa. Niliiweka jana usiku kabla ya kufungua uzi.

Wakili_Nyabo

Saa ngapi uliiweka na saa ngapi umeitoa, andika sasa hivi kabla hujasahau. Na Boda, kama umeihifadhi kwenye simu usiifute wala usiitume popote, njoo PM, tuongee faragha.

Boda_Msomi

Nyabo nilikuwa nacheka tu mimi. Nakuja.