Tupeane uzoefu: waliotumia pembrolizumab (Keytruda) au kumuuguza anayeitumia

Kijito
Wakuu, habari zenu. Mama yangu mzazi ana kansa ya mapafu, ile ya seli zisizo ndogo. Kipimo cha PD-L1 (protini iliyo kwenye seli za kansa) kimerudi zaidi ya asilimia 50, na daktari wake anataka aanze pembrolizumab peke yake, bila kemo. Ni dripu ya nusu saa, miligramu 200 kila baada ya wiki 3. Tumeambiwa haichoshi kama kemo, halafu papo hapo nikapewa fomu ya kusaini yenye orodha ya madhara kuanzia ubongo hadi utumbo. Sasa sijui nishike lipi. Walioitumia au waliouguza, nisimulieni ilivyokuwa. Pole nimeshapewa nyingi, ninachotaka ni kujua nikae macho na nini.

Ngozi Ngumu
Mimi nilipewa baada ya kufanyiwa upasuaji wa melanoma, kansa ya ngozi, ili isirudi. Nywele hazikunyonyoka, sikutapika hata mara moja. Kilichonisumbua ni kuwashwa. Sio kuwashwa kwa mbu, ni kule kwa usiku kucha mpaka unajikuna na shuka. Nilipewa mafuta ya steroidi na vidonge vya mzio, ikapoa. Baadaye nikaanza kutoka mabaka meupe mikononi, na nyusi moja ikageuka nyeupe, ya pili ikabaki ilivyo. Nilikimbia kwa daktari nimeshika kioo cha mkononi. Akaniambia kinga imewashambulia na wale wanaotengeneza rangi ya ngozi, kwa sababu melanoma inatokana na seli hizohizo, na kwamba kwa wagonjwa wa melanoma mara nyingi hiyo inaendana na dawa kufanya kazi. Basi nikaacha kupaka wanja kwenye hiyo nyusi.

Uchovu upo, usidanganywe. Siku mbili tatu baada ya dripu mwili unakuwa mzito.

Nesi wa Dripu
Kijito, pole na mgonjwa. Mimi ni muuguzi, dawa hii naitundika karibu kila siku. Niseme jambo moja maana familia nyingi hazielezwi vizuri.

Seli T za kinga zina breki inayoitwa PD-1. Seli ya kansa inaonyesha PD-L1, inaikanyaga hiyo breki, na askari wa mwili wanapita bila kumgusa adui. Pembrolizumab inaziba PD-1, breki haikanyagiki tena. Tasuku Honjo aliyeigundua PD-1 alipata Nobeli mwaka 2018 pamoja na James Allison, aliyefanya kazi kwenye breki nyingine iitwayo CTLA-4. Kwa hiyo dawa yenyewe haiui kansa, inaifungua kinga.

Ndiyo maana madhara yake hayafanani na ya kemo. Kemo inashusha kinga, huku kinga inazidisha bidii hadi inapiga viungo vizima: utumbo, ini, mapafu, figo, tezi, ngozi, viungo vya mifupa. Kiungo kinavimba bila mdudu yeyote. Na hayana kalenda. Wengine yanawapata wiki za mwanzo, wengine miezi mingi baadaye, wengine dawa ikiwa imeshasimamishwa.

Mke wa Fundi
Nesi umenena. Mume wangu alikuwa anaitumia kwa kansa ya kibofu. Akaanza kuharisha. Siku ya kwanza tukasema tumbo limechafuka. Ilipofika mara sita saba kwa siku, na kamasi na michirizi ya damu, tukaenda hospitali ya jirani usiku kwa sababu kliniki ya kansa ilikuwa imefungwa. Daktari wa zamu akasikia "ana kansa, anaharisha", akaandika antibayotiki na dawa ya kufunga choo, turudi nyumbani. Nikatoa ile kadi tuliyopewa ya mtumiaji wa tiba ya kinga. Akaisoma, akaigeuza, akasema kemo zote zinaharisha. Nikamwambia, "Daktari, samahani, hii si kemo." Mume wangu akanivuta nguo ninyamaze. Sikunyamaza. Nikaomba apigiwe simu daktari wa kansa aliye zamu. Alipopigiwa, ndani ya saa moja mume wangu alikuwa kitandani anapewa steroidi kwa mshipa.

Choo kilipimwa, wadudu hakuna. Ulikuwa utumbo mpana umevimba kutokana na dawa.

Kisha zikaja prednisolone za vidonge, za kupunguza kidogo kidogo kwa zaidi ya mwezi. Hapo nilipata mume mpya. Halali, anapanga makabati saa nane za usiku, anataka tuzungumzie mipango ya nyumba, sukari imepanda, uso umejaa. Dozi ilipokaribia kuisha kuhara kukarudi, ikabidi apewe infliximab, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ndipo tumbo likatulia. Pembrolizumab hakurudishiwa. Nililia nikidhani tumeachia kamba, ila picha zilizofuata zilionyesha uvimbe umebaki ulivyo, mdogo, hausogei.

Kaka Mkubwa
Swali kwa Nesi. Steroidi si zinashusha kinga? Sasa si ndiyo unaiua dawa yenyewe?

Sauti ya Saba
Wakati tunamsubiri Nesi, nami nitoe yangu. Kansa ya matiti, ile isiyo na vipokezi vya homoni wala protini ya HER2. Nilipewa pamoja na kemo kabla ya upasuaji, halafu baada ya upasuaji ikaendelea yenyewe.

Moyo ulianza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Jasho, mikono inatetemeka, nguo zinanipwaya. Nikadhani ni wasiwasi wa majibu. Ikapita yenyewe, nikashukuru. Kumbe tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ilikuwa inavimba na kumwaga homoni zake zote, na zilipokwisha ikazima. Yaliyofuata yalikuwa kinyume chake: baridi wakati wenzangu wanapepea, choo kigumu, ngozi kama karatasi, sauti nzito hadi kwenye simu naitwa kaka. Nalala masaa kumi na kitu, naamka nimechoka. Nikawa nalia bila sababu. Nyumbani wakasema ni mawazo, mtu akiugua kansa lazima awaze. Dada yangu akaniletea mtu wa kunipa ushauri nasaha, mama wa watu akanisikiliza vizuri sana, lakini homoni hazisikilizi ushauri.

Kilichoniokoa ni vipimo vya damu vya kabla ya dripu. TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi, juu sana; T4, homoni ya thairoidi yenyewe, chini. Daktari hakunipa kidonge hapohapo, kwanza akapima kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Alinieleza kwamba dawa hii inaweza kuzima pia tezi zilizo juu ya figo au ile ya chini ya ubongo, na ukimpa mtu homoni ya thairoidi kabla ya kumrekebishia kotisoli unaweza kumwangusha vibaya. Yangu ilikuwa sawa. Nikaanza levothyroxine, asubuhi tumbo tupu kwa maji, kitu kingine baadaye. Baada ya wiki kadhaa nikajirudia. Nitaimeza maisha yangu yote, na sijali. Dripu hazikusimamishwa hata moja, kwa sababu homoni iliyopungua inajazwa tu.

Ushauri wangu, Kijito: omba nakala ya majibu ya damu kila mara. Tezi, ini, figo, sukari. Weka kwenye faili moja.

Mdogo Wake Marehemu
Naomba niweke na upande huu, msinione mkosi. Kaka yangu haikumsaidia. Kila ndugu aliyekuja kumwona alikuwa na habari za Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, melanoma ilifika hadi ubongoni mwaka 2015, akapewa dawa hii, akaishi hadi miaka 100. Ni kweli kabisa, lakini Carter alipigwa na mionzi pia na kukatwa sehemu ya ini, na ugonjwa wake haukuwa wa kaka. Picha ya kwanza uvimbe ulikuwa umeongezeka. Tukaambiwa wakati mwingine unavimba kwanza kwa sababu seli za kinga zimeingia ndani, tusubiri picha ya pili. Ya pili ikathibitisha kuwa ni kansa inakua. Madhara hakupata hata moja. Mwulizeni daktari mapema: picha ya kwanza lini, na ikiwa haifanyi kazi kinachofuata ni nini. Sisi hatukuuliza la pili, na mwisho ukatukuta tukipanga kwenye korido.

Nesi wa Dripu
Mdogo wake, poleni sana. Umesema jambo ambalo hata sisi wodini tunalikwepa.

Kaka Mkubwa, steroidi zinazotolewa kutibu madhara hazijaonekana kuifuta faida ya dawa, na kumwacha mtu na utumbo au pafu lililovimba kunaweza kuua haraka kuliko kansa. Tunachokwepa ni mtu kuanza tiba akiwa tayari anameza steroidi kila siku kwa dozi kubwa.

Kijito, kwa mama mwenye kansa ya mapafu hofu yangu ya kwanza ni pafu lenyewe. Kikohozi kikavu kipya, au pumzi kukata kwa kazi aliyokuwa anaimudu, msiseme ni ugonjwa wake wa zamani. Anapigwa picha. Na haya msisubiri kesho: maumivu ya kifua, kope kudondoka au kuona vitu viwili, misuli kulegea, macho au ngozi kuwa njano, kiu na mkojo mwingi vya ghafla. Hicho cha mwisho kinaweza kuwa kisukari kilichoanza wiki hiyohiyo.

Kijito
Nimeandika yote. Kuna kitu kimenishtua: mama ana baridi yabisi, ile ya kinga kushambulia viungo, na huwa anameza prednisolone ikimzidi. Hakuna aliyetuuliza.

Nesi wa Dripu
Lisemwe kabla ya dripu ya kwanza. Haimfungii mlango moja kwa moja, ila viungo vinaweza kulipuka, na inabidi daktari wa kansa na wa viungo wazungumze. Nenda na dawa zake zote mkononi, si majina ya kukumbuka.

Sauti ya Saba
Na kama kuna dada humu yuko umri wa kuzaa, uzazi wa mpango ni wakati wote wa dawa na miezi 4 baada ya dozi ya mwisho. Na muda huohuo usinyonyeshe. Mimi niliambiwa mlangoni natoka.

Kijito
Kliniki imenijibu. Dripu ya kwanza imesogezwa mbele hadi daktari wa viungo amwone. Mama amenuna, alishajiandaa. Nitarudi kuwaambia.