Naomba ushauri: mdogo wangu achukue mkopo asome ualimu, au aende VETA (mafunzo ya ufundi stadi)?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na amepata nafasi ya kusomea shahada ya ualimu, ambayo itatulazimu kutegemea Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kwa kuwa mzee wetu amestaafu na mimi bado nakatwa mkopo wangu.

Ninafahamu kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, hivyo deni halivimbi tena kama zamani. Hata hivyo, makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yapo palepale, na mwalimu anayeanza kazi huyahisi barabara. Kinachonitisha zaidi ni miaka ya kusubiri ajira za serikali, maana asiye na ajira rasmi naye anadaiwa.

Yeye mwenyewe anavutiwa na ufundi umeme wa VETA, lakini mama hataki hata kusikia. Ninaomba hasa maoni ya waliosoma ualimu kisha wakajiajiri: deni mnalirejeshaje, na mngepewa nafasi ya kuchagua upya mngelichukua?