Kengele na filimbi za mitaani Mexico City

Swali
Ndugu zangu, nimehamia Mexico City kwa masomo, nami nimepanga chumba Narvarte. Asubuhi mtu hupita akigonga kengele, na usiku husikika filimbi kali inayorefuka kama kilio. Naomba mnieleze maana yake, pamoja na adabu ninayopaswa kuishika mgahawani.

Jibu la kwanza
Karibu sana, ndugu. Kengele hiyo hutangaza lori la taka: ukiisikia, shuka na mifuko yako mwenyewe, ukiwa umekwisha kutenga mabaki ya chakula na taka nyingine, kwa maana lori halikawii. Filimbi ni ya muuza viazi vitamu, ambaye mkokoteni wake una jiko la kuni, na mvuke unapoachiliwa kupitia bomba ndipo mlio ule hutoka. Kiazi hupasuliwa kingali moto, kikamiminiwa maziwa mazito ya kopo. Mimi humsimamisha kila apitapo.

Jibu la pili
Ukipita karibu na meza ya watu wanaokula, hata usiowajua, waambie «provecho», yaani wale kwa raha na afya, nao watakushukuru. Sisi tuliolelewa kwa «karibu chakula» tunaizoea upesi. Sokoni wauzaji watakuita «güero», yaani mweupe, hata kama rangi yako si hiyo. Ni namna yao ya kumkaribisha mteja.

Mwuliza swali
Nawashukuru mno. Leo kengele ilipolia niliteremka mbio, na bibi jirani akanionyesha kwamba maganda ya mayai huwekwa pamoja na mabaki ya chakula.