MJADALA: Vitamini za dozi kubwa, ni sawa kuuziwa mtu yeyote bila kuulizwa chochote?

Wakuu habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa uwazi maana hapa Dar limeshakuwa kubwa. Kariakoo, Mbagala, kwenye magrupu ya WhatsApp, hadi maofisini watu wanapita na mikoba, unauziwa vitamini C ya miligramu 1000, zinki 50, vitamini D yuniti elfu kumi, ukiuliza madhara unajibiwa "hii sio dawa ni lishe, ikizidi unaikojoa". Mimi nasema hilo jibu linaumiza watu na anayelitoa inabidi abanwe.

Hiyo ya kukojoa ni nusu ya ukweli. Vitamini C na nyingi za kundi B zinayeyuka kwenye maji, ziada inatoka kweli. Ila A, D, E na K zinahifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na ini, zinalundikana. D ikizidi sana inapandisha kalsiamu kwenye damu mpaka figo zinaumia, ndio maana kikomo kinachotajwa kwa mtu mzima anayejinywea mwenyewe bila daktari ni yuniti 4,000 kwa siku. Vitamini A ya vidonge mjamzito akiimeza kwa wingi miezi ya mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Zinki ikizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu inazuia mwili kufyonza madini ya shaba, damu inapungua. Na hata hizo za maji jamani, B6 nyingi ya muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, mtu anaanza kufa ganzi miguu, halafu kinachoniuma ni kwamba huyo huyo mwenye ganzi akirudi kwa muuzaji anaambiwa ganzi ni upungufu wa vitamini B, ongeza dozi!

Najua wapo watakaosema hizo ni tafiti za wazungu. Kweli ile ya Finland ya mwaka 1994, wavuta sigara waliopewa beta-karotini (kirutubisho ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A) wakapata kansa ya mapafu zaidi ya wenzao, ni ya huko. Haya tuje hapahapa Dar. Kati ya 2006 na 2008 watu zaidi ya 3,400 wenye VVU waliokuwa wanaanza ARV kwenye kliniki za jiji hili waligawanywa, wengine wakapewa multivitamini za kiwango cha kawaida, wengine dozi kubwa. Utafiti ukasimamishwa 2009 kabla ya muda wake, kwa sababu waliokuwa kwenye dozi kubwa vipimo vya ini vilikuwa vinapanda, na faida ya ziada juu ya wenzao haikuonekana. Hao ni watu wetu, maji yetu, ugali wetu.

Na nitasema na upande wa pili maana nataka tujadili sio tugombane. Utafiti wa kabla ya huo, hapa hapa Dar, kipindi ARV hazijasambaa, akina mama wajawazito wenye VVU waliopewa vitamini za B, C na E kwa dozi kubwa ugonjwa wao ulikwenda taratibu zaidi. Ni kweli, zilisaidia. Lakini utafiti huo huo ukaonyesha vitamini A iliongeza hatari ya mama kumuambukiza mtoto. Sasa angalieni hapo, jiji ni hili hili, wagonjwa wa aina moja, vidonge vinavyofanana, na matokeo yakaenda njia tofauti kutegemea ni vitamini ipi na mtu yupo kwenye hali gani. Ndio hoja yangu yote hiyo.

Kwa hiyo mkiniuliza mbona watoto wanapewa matone ya vitamini A ya yuniti 200,000, nitawajibu kuwa hiyo ni ya mtoto wa kuanzia mwaka mmoja, wa miezi 6 hadi 11 anapewa nusu yake, na ni mara moja kila miezi sita, Juni na Desemba. Kuna aliyekaa akahesabu. Vidonge vya madini chuma na foliki vya kliniki navyo hivyo hivyo, mama asiviache.

Muuza makopo hahesabu. Anakuuzia la kinga, la nywele, la nguvu za kiume, na yote matatu ndani yana zinki, yana A, hakuna anayejumlisha, na maandishi ya nyuma ya kopo ni Kiingereza au Kichina.

Msiniambie habari ya kipato, kila mtu hapa anatafuta. Wauzaji mliopo naomba mnijibu hili tu: mteja akija, huwa mnamuuliza kama ni mjamzito, kama anavuta sigara, kama figo au ini vinamsumbua, na kama kuna kopo lingine nyumbani? Na akisema ndio, mnamuuzia au mnamrudisha?