Natakiwa niwaambie watu waache sigara kwenye kijiji kinachoishi kwa tumbaku. Nianzie wapi?

Mwana wa Mirambo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Masihara yaje tu, ila msinizidishie.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wa mpango jumuishi uliozinduliwa Januari 2024. Nipo wilaya mojawapo ya Tabora, kijiji sikitaji. Kazi yangu ni kupita kaya kwa kaya: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, vyandarua, vyoo, wanaokohoa muda mrefu. Hayo nayamudu. Sasa mganga mfawidhi wa zahanati kaomba kwenye mkutano wa kijiji nipewe dakika kumi nizungumzie madhara ya sigara na ugoro, halafu niendelee na somo hilo nikipita majumbani.

Tatizo mnaliona. Hapa bati ni tumbaku, pikipiki ni tumbaku, mahari ni tumbaku. Hata tofali za hiyo zahanati watu walichanga baada ya mauzo. Nilipogusia kidogo tu kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee ninayemheshimu sana, akanijibu: "Mwanangu, wewe umesomeshwa na jani hili hili. Leo unakuja kutuambia ni sumu?" Nikakosa jibu, maana ada yangu kweli ilitoka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima.

Kwa hiyo: niseme nini mkutanoni nisionekane msaliti? Na nikikuta mzee anavuta msokoto ndani na kichanga kimelala pale pale, kijana mdogo kama mimi naanzaje? Karatasi niliyopewa ina picha ya pafu jeusi na maneno "uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako". Maneno hayo yako kwenye pakiti tangu sijazaliwa, na wanaoyaona kila siku ndio hao hao wavutaji.

Fundi Cherehani

Dakika mbili salamu, tatu kuwatambua wazee na mwenyekiti, nne shukrani, moja ya kukaa chini. Umevuka salama.

Wakili wa Kijiweni

Mleta uzi, balozi wako hajakosea. Serikali inatoa wagani wa tumbaku, inasimamia soko, inakusanya ushuru wa bidhaa kwenye kila pakiti, kisha wizara nyingine inakutuma wewe na karatasi ya pafu. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003: marufuku kumuuzia mtoto chini ya miaka 18, marufuku kuvuta ovyo kwenye maeneo ya umma. Nenda stendi yoyote uone. Shisha ilipigwa marufuku kwa tamko mwaka 2016, kelele nyingi, magazeti yakajaa. Sigara inayovutwa na mamilioni haijawahi kupata hata robo ya kelele zile.

Wataalamu wanajua kinachopunguza uvutaji: bei. Kodi ikipandisha bei kwa asilimia 10, matumizi katika nchi za kipato kama chetu hushuka kwa karibu asilimia 5. Hilo haliamuliwi kwenye mkutano wa kijiji.

Mwana wa Mirambo

Wakili, nikiyasema hayo mkutanoni kesho yake niko ofisi ya mtendaji. Nipe ninachoweza kukifanya mimi.

Wakili wa Kijiweni

Haya. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Watu wanadhani ule mkataba ni wa kumfuata mvutaji tu. Kifungu cha 17 kinataka wakulima wasaidiwe kupata shughuli mbadala zenye faida, na cha 18 kinataka afya ya wanaolima na mazingira yao vilindwe. Mkulima ametajwa kama mtu wa kulindwa. Anzia hapo, hakuna atakayekuita msaliti.

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi kliniki ya kifua kikuu miaka mingi, nijibu upande wangu.

Kwanza, pafu jeusi liache kwenye begi. Mtu akiona picha ya kutisha na hana msaada wowote mkononi, anageuza uso. Kwa eneo lako mlango mzuri ni kikohozi. Mvutaji ana hatari ya kuugua TB zaidi ya mara mbili ya asiyevuta, na akiugua huku anavuta, uwezekano wa kufa unaongezeka. TB wanaijua, wamezika ndugu kwa ajili yake. Na wewe tayari unafuatilia wanaokohoa, kwa hiyo hutakuwa umebadilisha mada.

Pili, majumbani usihutubie. Uliza. "Mzee, shikamoo. Unatumia tumbaku? Ya kuvuta au ya kunusa? Umewahi kujaribu kuacha?" Kisha sentensi moja ya wazi: kuacha ndicho kitu kikubwa kuliko vyote unachoweza kufanya kwa kifua chako, na mimi nitakusaidia. Basi. Andika, ondoka, rudi mwezi unaofuata uulize tena. Ushauri mfupi wa mtoa huduma, hata wa dakika tatu, huongeza idadi ya wanaoacha. Wengi hatuutoi kwa sababu tunaona ni mdogo mno, au tunaona aibu.

Tatu, kwa mzee na kichanga, usimwambie aache. Bado hamjafika huko. Mwombe avutie nje, mbali na mlango. Kufungua dirisha hakutoshi, maana hakuna kiwango cha moshi wa mwingine ambacho ni salama kwa mtoto. Nimonia, pumu, sikio linalotoa usaha, vifo vya ghafla vya vichanga, vyote hivyo vinahusishwa nao. Na usimwambie wewe peke yako. Bibi wa nyumba akikuunga mkono umemaliza kazi.

Kaka Mkubwa 82

Mimi babu yangu kavuta kiko mpaka amekula chumvi nyingi, katuacha na miaka tisini na ushee. Kaka yake hakugusa sigara, kafa na arobaini. Nesi fafanua hapo.

Nesi wa Zamu

Pole kwa wote wawili, Kaka Mkubwa. Tumbaku huua hadi nusu ya wanaoitumia bila kuacha, kwa hiyo nusu nyingine lazima uwaone mtaani wakiwa wazee. Babu yako alikuwa katika hao. Waliokufa na hamsini hawaji kijiweni kubishana. Dunia nzima tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta, walikaa tu na wavutaji.

Mkulima wa Mabani

Nimesoma mpaka hapa nikaona nichangie, maana mnatuongelea kama hatupo.

Mimi nalima tumbaku, baba alilima. Sivuti na wala sijawahi. Kijana, wazee hawajakataa ushauri wa afya, wamekataa kudharauliwa. Ukisimama ukasema tumbaku ni sumu, mtu anasikia kwamba maisha yake yote kayatumia kwenye upuuzi. Mbolea tunachukua kwa mkopo, msimu ukiwa mbaya deni linabaki kwako, mteuzi, yule anayepanga ubora wa majani sokoni, akishusha daraja unarudi nyumbani huna la kumwambia mkeo. Mtu wa hivyo humwambii aache kulima kwa dakika kumi.

Lakini kuna jambo hamjaligusa, na ndilo ningelisimamia mkutanoni. Asubuhi ya kuchuma, majani yana umande. Ukichuma mikono mitupu na nguo zimelowa, mchana kichwa kinauma, unatapika, kizunguzungu, usiku hulali. Miaka yote tulisema ni njaa au jua. Kumbe ni nikotini inapita kwenye ngozi. Nilielezwa na daktari mmoja nilipompeleka mwanangu anatapika, wakati malaria hana. Tangu hapo watoto hawachumi kwangu, na sisi wakubwa tunasubiri umande ukauke, mikono mirefu, glavu zikipatikana, na nguo hatuingii nazo ndani. Hilo ukilisema kila mtu atainua kichwa, kwa sababu kila mtu ameshatapika.

Ukishawaambia kwamba jani likigusa ngozi tu linakuangusha, watajiuliza wenyewe linafanya nini likiingia kifuani. Usiwamalizie.

Nesi wa Zamu

Mkulima umenifundisha. Niongeze: wajawazito wasichume wala kufunga majani mabichi kabisa. Na moshi wa kuni kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, nao si rafiki wa kifua, anayelinda moto usiku kucha asilale humo humo.

Jirani wa Migori

Hamjambo ndugu zetu wa upande huo. Mimi niko Kenya, kaunti ya Migori, na sisi tumelima tumbaku miaka mingi kama nyinyi. Huku sheria iko kali kwa karatasi: ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, pakiti lazima iwe na angalau kumi. Ukienda kioski chochote utauziwa moja na kiberiti juu. Picha za madhara kwenye pakiti tulizipata 2016. Kampuni kubwa ya sigara ilikuwa imezipeleka kanuni hizo mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 ikashindwa.

Kilichobadilisha mambo kidogo hapa Migori ni maharagwe. Shirika la Afya Duniani, lile la Chakula na Kilimo na lile la Mpango wa Chakula walikuja na serikali, wakawapa wakulima mbegu za maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, na mnunuzi akiwa tayari. Hapo kwa mnunuzi ndipo pa kuangalia. Tumeletewa miradi mingi ya "limeni kitu kingine" bila mtu wa kununua, watu wakarudi kwa tumbaku msimu uliofuata. Sio wote wamehama, na sikudanganyi kwamba kila mtu ametajirika. Lakini jirani yangu alisema kitu kimoja: watoto wake sasa wako shule wakati wa mavuno.

Mnyamwezi Ughaibuni

Naishi North Carolina, Marekani, jimbo lililojengwa kwa tumbaku. Januari 11, 1964, mganga mkuu wa serikali, Luther Terry, alitoa ripoti kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu. Waliitoa Jumamosi makusudi, ili isitikise soko la hisa. Wakati ule zaidi ya watu wazima 40 katika kila 100 walikuwa wavutaji. Kufikia 2022 walikuwa kama 11 au 12. Imechukua karibu miaka 60, na ripoti peke yake isingefanya hivyo: yalifuata maonyo kwenye pakiti, matangazo ya sigara kuondolewa kwenye televisheni mwaka 1971, kodi, marufuku maofisini na migahawani. Wakulima wa hapa nao walikasirika kama balozi wako. Usitegemee wakupigie makofi mwaka huu.

Dereva wa Masafa

Mimi nilikuwa mvutaji hasa. Lori, usiku, barabara ya Singida, sigara ndiyo iliyokuwa utingo wangu. Onyo la kwenye pakiti nilikuwa natumia kuandikia namba za simu.

Niliacha kwa kuwa daktari aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: sigara ya kwanza ya siku unavuta saa ngapi? Nikasema kabla sijanawa uso. Akasema basi mwili wako umeshikwa, usijione dhaifu ukishindwa mara ya kwanza, panga siku, waambie wenzako, ondoa viberiti garini. Siku tatu za mwanzo ni balaa, hasira, usingizi hakuna, mikono haijui iende wapi. Nilitafuna karanga mpaka taya likauma. Ikifika wiki ya tatu, ya nne, kiu inakuja kwa dakika chache na kuondoka. Waambie wavutaji wako hivyo, waijue ratiba ya mateso mapema. Mtu asiyejua yataisha lini hatavumilia.

Kaka Mkubwa 82

Dereva, hakuna dawa?

Nesi wa Zamu

Zipo. Vibandiko na bigijii za nikotini vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na 2021 viliongezwa vidonge vya vareniklini na bupropioni. Shida ni kuzipata, kijijini usiahidi. Ahidi kinachopatikana: wewe kurudi, na namba 199 ya wizara, ambayo ni bure kwa maswali ya afya.

Mama Kuruthumu

Wanaume mmeongea sigara tu. Huko Tabora bibi zetu wanatumia ugoro, na hata wasichana wenye mimba wananusa au kuweka mdomoni, wanasema unatuliza kichefuchefu. Ugoro hauna moshi lakini nikotini ni ile ile, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, na wa kuweka mdomoni unaleta saratani ya kinywa. Hilo mwanamke hatalikiri kwenye mkutano mbele ya mkwe wake. Liulize kliniki ya wajawazito, mkiwa wawili, na ikiwezekana aulize mhudumu mwanamke.

Mwana wa Mirambo

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nilivyopanga: mkutanoni naanza na umande na watoto wasichume, na nimemwomba balozi mwenyewe asimulie alivyokuwa akitapika ujana wake. Amekubali, kacheka sana. Nikimaliza hapo, kikohozi na TB, halafu ombi moja tu: ndani ya nyumba yenye mtoto, moshi utoke nje. Kuacha kilimo siligusi. Ya ugoro namwachia mwenzangu wa kitongoji cha pili, yeye ni mama.

Nesi, swali la mwisho. Baada ya mkutano wakijitokeza watu wanaokohoa muda mrefu, niwape barua ya rufaa siku hiyo hiyo au nisubiri nipite majumbani kwao?

Nesi wa Zamu

Siku hiyo hiyo. Ongea na mganga mfawidhi kabla, akupe vikopo vya makohozi na fomu uende navyo mkutanoni. Anayekohoa wiki mbili au zaidi, mwandike jina kabla hajaondoka, ukisubiri kesho atakwambia kimepona. Na uandike pia kama anavuta, ili ukirudi mwezi ujao uwe na pa kuanzia.