Klabu zimejaza ratiba yote ya asubuhi, sie wakazi wa kawaida tuingie saa ngapi?

MamaJangwani
Habarini wadau, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo maana hili jambo limeanza kuleta chuki kati ya watu wazima na inaniuma. Mimi na mzee wangu tunaishi Arizona kwenye mtaa wa wastaafu, ile mitaa ya miaka 55 kwenda juu (kwa sheria ya Marekani nyumba 80 katika kila 100 zinazokaliwa lazima ziwe na angalau mtu mmoja aliyefika umri huo). Kila nyumba inalipa ada ya mwaka sawasawa, na ada hiyo ndo inatunza mabwawa ya kuogelea, viwanja, karakana na kumbi.

Sasa huku kiangazi joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo saa za maana ni kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu hivi, ukichelewa hapo hata kukanyaga kiwanja huwezi. Na saa hizo zote zina wenyewe. Klabu ya tenisi imeshika, ya pikoboli (ule mchezo kama tenisi ndogo, wanapiga mpira wa plastiki kwa kibao) imeshika, bwawani kuna klabu ya mazoezi ya maji kila siku mpaka saa nne, halafu sie tusio na klabu tunaambiwa "saa za wazi" ni saa saba mchana mpaka saa kumi. Mzee wangu kabadilishwa goti, daktari kamwambia atembee ndani ya maji kila siku, na jua la saa saba hawezi. Tumeambiwa tujiunge na klabu, lakini kule wanarukaruka kwa muziki, yeye anataka kutembea tu polepole akishika ukuta.

Bodi inayoendesha mtaa inapitia kanuni mwezi ujao na wamesema tuandike maoni. Niandike nini? Sitaki klabu zivunjwe jamani, mimi mwenyewe niko klabu ya kushona na ndiko nilikopata marafiki tulipohamia hapa hatumjui mtu.

FundiMbao
Pole na mgonjwa dada, Mungu amponye. Mimi niko upande wa klabu, karakana ya seremala, hapa hapa Arizona ila mtaa mwingine, kwa hiyo ngoja nikwambie kwa nini klabu zinashikilia vyumba. Hii mitaa tangu mwanzo iliuzwa kwa michezo na burudani. Sun City, mtaa wa wastaafu wa huku Arizona, ilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1960 na kampuni ya Del Webb, watu walikuta gofu na kituo cha burudani vimeshajengwa, na leo ina klabu zaidi ya 100. Bila klabu nani afundishe, nani asafishe, nani akae pale kuangalia mtu asijikate kidole na msumeno wa meza? Kwetu hakuna anayewasha mashine kama hakuna msimamizi chumbani, na wasimamizi ni wanachama wanaojitolea bila senti. Tanuri la wafinyanzi ni vile vile.

LAKINI bwawa siyo msumeno. Kutembea majini hakuhitaji klabu, kiwanja cha tenisi hakihitaji klabu. Kwa hiyo mimi ningeiambia bodi itenganishe: mahali penye mashine za hatari klabu isimamie, ila mkazi yeyote akishapita mafunzo ya usalama aruhusiwe kuingia kwa ada ndogo ile ile ya wenzake. Mahali pasipo na hatari klabu ipewe saa, isipewe mahali penyewe. Wengi wanachanganya hayo mawili, akipewa Jumanne asubuhi miaka kumi mfululizo anaanza kusema "bwawa letu".

Kaka_Ratiba
Shikamoo mama. Nafanya kazi ya kupanga ratiba kwenye jumuiya ya wazee Florida, nakuandikia ninayoyaona kazini. Kitu cha kwanza omba hesabu ya watu. Wakazi wanaingia kwa kadi, mashine inasoma, kwa hiyo bodi inaweza kujua klabu iliyoandikisha watu 40 inaleta wangapi kweli saa kumi na mbili asubuhi. Mara nyingi unakuta laini zote za bwawa (zile njia za kuogelea) zimezuiwa na ndani wako watu tisa, na huwezi kujadiliana na mtu bila hiyo karatasi mkononi, kila mmoja atasema "sisi ni wengi".

Pili, usikubali wakuhesabie jumla ya saa. Watakwambia wakazi wana saa nyingi za wazi kuliko klabu, na ni kweli, ila ni saa za jua kali na za usiku. Dai mgawo wa saa NZURI, kwamba asubuhi ya kila siku lazima kuwe na laini moja au mbili hazishikwi na mtu yeyote. Kwa mzee wako laini moja ya pembeni yenye ukuta inatosha kabisa na klabu haiumii.

Tatu, nafasi ya klabu iwe na mwisho, miezi sita kisha waombe upya wakionyesha mahudhurio. Na dakika 15 zikipita hawajatokea, nafasi ifunguliwe kwa aliyepo. Hii ya dakika 15 peke yake imetupunguzia ugomvi sana.

Wa_Forodhani
Hapo kwenye viwanja mimi naona tofauti kidogo na wenzangu. Watu wa pikoboli watakuja na hoja ya wingi, na wana haki maana kiwanja kimoja cha tenisi kinatoa vinne vya pikoboli, yaani pale walipocheza wanne wanacheza kumi na sita. Ila ukienda kwa wingi tu tenisi itakufa yote, na yule bibi wa miaka 78 anayecheza tenisi naye kalipa ada. Wawekewe siku zao zisizoguswa hata kama ni mbili kwa wiki. Na zile kelele za mpira wa plastiki kwenye kibao, viwanja vya karibu na nyumba za watu visianze alfajiri, mtu kalala.

Kwa saa za wazi msiweke buking ya simu kabisa, wenye vidole vyepesi wanamaliza nafasi usiku wa manane. Tumieni foleni ya vibao, unaweka kibao chako kwenye raki, wakimaliza gemu ya pointi 11 wanatoka wote wanne wanaingia wanne wanaofuata. Ni kama drafti kijiweni tu, zamu yako ikiisha unapisha, hakuna cha katiba wala mwenyekiti.

MamaJangwani
Asanteni sana, yaani mmenifungua macho. Naandika hivi: laini mbili wazi kila asubuhi, hesabu ya kadi ibandikwe ubaoni kila mwezi, klabu ziombe upya kila miezi sita, na dakika 15. Hiyo ya usalama wa karakana naichukua pia, kuna akina mama wanataka kujifunza useremala na wanaogopa hata kuuliza. @Kaka_Ratiba, hiyo miezi sita ianze lini mwanangu? Maana wale wanaokimbia baridi wanashuka kuanzia Oktoba na mtaa unajaa.

Kaka_Ratiba
Ianze Oktoba na Aprili mama, ratiba mbili tofauti. Ya baridi msigombanie alfajiri, kuna ubaridi na watu wanataka saa nne mpaka saa nane, kwa hiyo hizo laini mbili zihamie huko. Andika saa kabisa kwenye barua, ukiandika "asubuhi" tu watakupa saa wanayotaka wao.