Vidimbwi vya mlimani, samaki wa asili mnawaonaje?

mtembea_juu: Habari wakuu. Napenda sana kupanda kutafuta vile vidimbwi vilivyojificha huko juu milimani na vinamasi vyake, nia yangu ni kuona samaki wa asili na mimea, sivui wala sibebi kitu. Shida vingi maji yake meusi kama chai ya rangi, nachungulia weee sioni samaki hata mmoja. Hawapo, au sijui kuangalia? Na pale kwenye tope linalonesanesa panapitika?

kereng'ende: Mkuu inawezekana kabisa hawapo. Ule weusi ni mimea iliyooza taratibu, maji ya kinamasi yanakuwa na asidi, pH (kipimo cha asidi, ikishuka ndo asidi inazidi) inaweza kufika hadi 4 hivi na samaki wengi hapo hawazaliani. Fuata kijito kinachotoka kidimbwini ushuke nacho, ukikuta maporomoko marefu ujue samaki hawakuweza kupanda, na ukiwaona juu ya hapo mara nyingi kuna mtu aliwapandikiza, hasa trauti, samaki wa maji baridi. Hao wanamaliza viluwiluwi na wadudu wote. Kule milima ya Sierra Nevada, California, Marekani, waliwatoa trauti kwenye baadhi ya maziwa na vyura wa asili wakaongezeka tena, kwahiyo kidimbwi bila samaki usikidharau hata kidogo!

Kuangalia sasa: usiende wima hadi ukingoni, inama, kivuli chako kisiguse maji, vaa miwani ya polaraizi inayokata mng'ao, tulia. Tafuta kivuli cha samaki kule chini kabla ya kumtafuta samaki mwenyewe, anza pale maji yanapoingia.

mama_mimea: Hapo panaponesanesa usipite ndugu yangu, saa nyingine ni zulia la mimea linaelea na chini yake ni maji matupu. Tena lile tope linajijenga kama milimita 1 tu kwa mwaka, buti moja linabomoa kazi ya miaka mingi. Lala kifudifudi pakavu uangalie kwa karibu, utaona drosera, vijani vidogo vyenye vinywele vyekundu na kila kinywele kina tone la gundi, mdudu akitua ndo basi. Majini kuna utrikularia, mmea mwingine unaonasa wadudu, hauna mizizi, una vifuko vidogo vinavyofyonza windo kwa muda usiofika sehemu 1 ya elfu ya sekunde. Mimi hapo naweza kukaa hadi jua lizame.

bonde_la_juu: Wakuu mmesahau usafi wa buti. Kuna fangasi anaua vyura, anaitwa kitridi, anasafiri kwenye tope bichi kutoka kidimbwi kimoja kwenda kingine. Safisha kila kitu kabla ya kuhama.

mtembea_juu: Asanteni sana, hilo la kufuata kijito halikuwahi kunijia kabisa. Buti nikizianika tu juani inatosha?

bonde_la_juu: Sugua tope lote kwanza na brashi, hata kwenye mishono na chini ya soli, ndo uanike mpaka zikauke hadi ndani. Kama unahamia kidimbwi kingine siku hiyohiyo na hazijakauka, beba jozi ya pili.